Ahadi Iliyomo Ndani ya Katochi

Hapa Kampala tunaiita katochi. Watanzania huiita kitochi au kiswaswadu, na Wakenya kabambe, au kwa mzaha wao wa siku zote, mulika mwizi. Majina kadhaa kati ya haya yametokana na taa ndogo iliyopachikwa kichwani mwa simu, kana kwamba kuzungumza ni kazi yake ya ziada. Ni simu ya vitufe, ya bei nafuu, inayokaa na chaji siku tatu au nne. Ikianguka sakafuni, betri huruka huku na mfuniko kule. Mwenyewe huviokota, akavirudisha mahali pake, akaendelea na mazungumzo.

Insha hii inahusu siku ambayo simu hiyo itawashwa, itatoa mwanga, itaonyesha saa, lakini haitaweza kumpigia mtu yeyote. Haitakuwa imeharibika. Kitakachokuwa kimezimwa ni mtandao pekee inaouelewa. Kwingine duniani siku hiyo imekwisha kufika, na kwetu sioni sababu ya kudhani kwamba haitafika. Swali langu ni la kimaadili: mtu mwenye simu nzima akizimiwa mtandao, je, amepata hasara ya kawaida ya maendeleo, kama alivyopata mwuza taa za mafuta umeme ulipoingia mtaani kwake? Au kuna mtu mwenye deni kwake?

Tuanze na jembe. Jembe ni mali kamili. Ukilinunua leo katika soko la Owino na kiwanda kilicholitengeneza kikafungwa kesho, jembe litaendelea kulima. Wajukuu wako watalirithi na kulitia mpini mpya. Simu si mali ya namna hiyo. Simu ni nusu kitu na nusu ahadi. Nusu ya kwanza unaitia mfukoni. Nusu ya pili iko kwenye mnara juu ya kilima, katika masafa ambayo serikali imezipa kampuni leseni ya kuyatumia, na katika uamuzi wa watu ambao hutakutana nao maishani. Nenda Mutaasa Kafeero Plaza, pale mafundi wa simu wanapoketi bega kwa bega. Watakubadilishia spika, kioo, betri, hata tundu la chaji, na bei mtapatana. Lakini hakuna fundi mwenye bisibisi ya kurudisha masafa.

Ahadi hiyo ilitolewaje? Hapa ndipo wengi hupita haraka, nami naona ndipo penye uzito. Celtel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi Uganda mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998. Wakati huo simu ilikuwa anasa ya watu wa mjini. Mwaka 2003 ukaja mradi wa simu za kijiji, ambapo mtu mmoja kijijini alikopeshwa simu ili awauzie majirani dakika za kuzungumza. Mwaka 2009 MTN ikaleta huduma ya pesa kwa simu, na kibanda cha wakala kikawa benki ya watu ambao benki hazikuwahi kuwatazama mara mbili. Mwaka 2012 serikali ikaanza kusajili laini, na mwaka 2017 ikataka kila laini ihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa, la sivyo ifungwe. Mwaka 2022 ukazinduliwa mpango wa PDM, ambao huzikopesha kaya shilingi milioni 1. Pesa zake hupitia mkoba wa simu uitwao Wendi.

Tazama mwendo huo. Mwanzoni mtu alivutwa na tangazo. Baadaye akavutwa na urahisi. Mwishowe akasukumwa na sheria, kwa sababu huwezi kuambiwa kwamba mkopo wa serikali utakufikia kwa simu halafu simu ikabaki jambo la hiari. Hakuna serikali iliyowahi kumwambia mkulima asajili jembe lake kwa kitambulisho. Simu ya vitufe iliacha kuwa bidhaa ya dukani ikawa mlango wa kuingilia katika uchumi na katika dola yenyewe. Watu wakapanga maisha yao kwa kuutegemea mlango huo: wakaacha kuweka pesa chini ya godoro, wakaacha kumtuma mtoto kwa basi ampelekee nyanya yake ada ya dawa, wakasahau njia za zamani. Anayemfanya mwenzake asahau njia ya zamani ameingia naye katika mapatano, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa saini.

Sasa niseme kidogo kuhusu mtambo, maana bila hilo hoja itaelea. Simu nyingi za vitufe zinaelewa lugha moja tu, ya kizazi cha pili, yaani 2G, ambayo mtandao wake wa kwanza wa kibiashara wa GSM ulifunguliwa Finland mwaka 1991. 4G haikuundwa kwa ajili ya sauti. Iliundwa kwa ajili ya data. Ili sauti ipite katika 4G lazima igeuzwe kuwa data, na simu lazima iwe na uwezo huo ndani yake. Simu ya zamani haina, hata baadhi ya simu janja za bei ya chini hazina. Zinaingia intaneti kwa 4G, lakini simu ikipigwa hushuka kimyakimya hadi 3G au 2G. Hata menyu tunazozipiga kila siku, *165# na *185#, zilizaliwa ndani ya GSM, na simu nyingi bado hushuka huko ili kuzifungua. Kwa hiyo kuzima mtandao wa zamani hakuwagusi wazee wa vijijini peke yao. Kunagusa pia vifaa ambavyo hatuviiti simu: mashine za malipo madukani, vifaa vya kufuatilia pikipiki, mitambo ya umeme wa jua ya mkopo ambayo ina laini ndani yake na hupokea kwa laini hiyo habari kwamba malipo ya leo yamefika. Taa inaweza kuzimika nyumbani ilhali jua liko juu na deni limelipwa.

Kwingine wameshapita hapa, na mapito yao yanafundisha. Australia, kampuni za Telstra na Optus zilianza kuzima 3G tarehe 28 Oktoba 2024. Huko kulijitokeza jambo la ajabu: zilikuwapo simu zilizoweza kupiga simu za kawaida kwa 4G, lakini mwenyewe akipiga 000, nambari ya dharura, zilitegemea 3G. Serikali ikaamuru simu hizo zifungiwe kabisa, ili mtu asije akadhani ana simu ya kumwokoa kumbe hana. Vietnam ilipanga kuwaondoa wenye simu za 2G pekee mwezi Septemba mwaka huohuo, kisha ikasogeza tarehe kwa mwezi mmoja kwa sababu ya kimbunga Yagi. Katika mafuriko hakuna aliyethubutu kumnyang'anya mtu kasimu kake ka vitufe. Kampuni za huko ziliwagawia baadhi ya wateja simu za vitufe zenye 4G bila malipo. Afrika Kusini imetangaza kwamba 2G na 3G zizimwe ifikapo mwisho wa mwaka 2027, na mwaka 2025 ikaondoa ushuru wa anasa kwa simu janja za bei isiyozidi randi 2,500.

Hapa Uganda 2G ingali hewani, na 5G ilizinduliwa mwaka 2023. Tumekwisha kuonja, hata hivyo, mfano mdogo wa jambo lenyewe. Tarehe 7 Oktoba 2021 kampuni ya Africell, iliyokuwa imeirithi Orange mwaka 2014, ilifunga huduma zake nchini. Simu za wateja hazikufa, kwa kuwa waliweza kutia laini ya kampuni nyingine. Zilizokufa ni nambari. Kwa kuwa nchi haikuwa na utaratibu wa mteja kuhama na nambari yake, kila aliyekuwa na nambari ya 079 ilimbidi aanze upya kuwajulisha watu kwamba yuko hai. Waliokuwa na jamaa wengi kwenye WhatsApp walifanya hivyo kwa dakika tano. Mwuza mkaa ambaye nambari yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye kuta za majiko ya wateja wake hakuwa na dakika tano hizo.

Sitaki kuwaonea wanaotaka kuzima. Hoja zao ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Masafa ni kama ardhi: hayaongezeki. Masafa ya chini, yale ya megahezi 900 yanayopita vilima na kufika mbali, ndiyo ambayo 2G iliyakalia tangu mwanzo, na ndiyo ambayo yangeweza kupeleka intaneti ya kasi kijijini. Kuendesha mitandao mitatu au minne juu ya mnara mmoja hula umeme, na sehemu nyingi kwetu umeme huo ni dizeli. Zaidi ya hayo, 2G ina ulinzi dhaifu. Simu yake haiwezi kuutambua mnara wa kweli na wa bandia, na matapeli wameitumia kasoro hiyo katika nchi kadhaa kuwatumia watu ujumbe wa uongo. Mtu anayeitetea 2G kwa sababu tu ni ya maskini awe tayari kueleza kwa nini maskini ndiye abaki na mlango usio na kufuli.

Isitoshe, sisi tunaoandika insha hizi tuko upande wa wanaofaidika. Mwanafunzi anayeishi Wandegeya au Kikoni husoma kwa simu, huwasilisha kazi kwa simu, na mtandao ukikwama saa tano usiku kabla ya muda wa mwisho, hulaani minara yote ya Kampala. Tukipigiwa kura leo kati ya 2G na intaneti ya kasi mara mbili, najua bweni langu lingechagua nini.

Kwa mizani ya Jeremy Bentham, kura hiyo ingetosha. Jumlisha furaha ya wanaopata kasi, toa huzuni ya wanaopoteza simu. Ikiwa waliosalia na katochi wamebaki wachache, zima. Wahadhiri wetu hupenda kumjibu Bentham kwa John Rawls, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1971 alitutaka tuchague kanuni za jamii tukiwa hatujui tutajikuta wapi ndani yake. Jibu zuri, lakini kwa suala hili naliona lina upungufu. Linanitaka nijifikirie kuwa mtu mwingine, mwenye katochi, kisha nimwonee imani. Simu ina jambo ambalo kodi, shule na hospitali hazina: siku zote ina ncha mbili.

Nieleze kwa mfano. Ssenga wangu, yaani shangazi, dada ya baba, anaishi upande wa Mityana. Hasomi. Anazijua nambari kwa vidole: kitufe cha tano kina nundu ndogo katikati, na kutoka hapo anahesabu juu, chini, kushoto, kulia. Hivyo ndivyo pia wanavyotumia simu hizo watu wengi wasioona. Hanipigii, ananibipu. Mlio mmoja maana yake pesa zimefika. Milio miwili maana yake nimpigie nikipata nafasi. Milio mitatu mfululizo, nipige sasa hivi. Huduma hiyo haimgharimu hata shilingi, wala haimo katika orodha ya bidhaa za kampuni yoyote. Wameibuni wenyewe, yeye na mamilioni wenziwe. Simu ya kioo aliwahi kupewa na mwanawe. Kioo hakina nundu, chaji inaisha kabla ya jioni, na kuichaji tena ni safari ya kwenda senta na kulipa. Aliirudisha.

Sasa zima mtandao wake. Takwimu zitasema mteja mmoja amepotea. Lakini mimi pia nimepoteza: simu yangu ya 4G, nzima na yenye kasi, imepungukiwa na mtu mmoja ambaye inaweza kumfikia, naye ndiye mtu ambaye nikiukosa mlio wake wa tatu sitajisamehe. Baba amepoteza. Wakala wa kibanda cha senta amepoteza mteja. Hasara iliyohesabiwa upande mmoja wa waya imetokea pande zote mbili. Wanaohesabu simu za zamani zilizobaki wanahesabu vifaa. Kinachozimwa ni mahusiano, na kila uhusiano una mtu wa pili ambaye mara nyingi hana habari kwamba yumo katika hesabu. Basi yule niliyedhani nitamwonea imani ni mshirika wangu katika kitu tunachokimiliki pamoja.

Kuna mtu atasema: ahadi gani hiyo isiyo na mwisho? Hakuna kampuni iliyosema itaendesha 2G milele, na duka likifungwa mteja hashtaki. Kweli. Lakini tutofautishe mwenye duka aliyefilisika na mwenye duka anayehamia ng'ambo ya mto kwa sababu wateja wa huko wana pesa zaidi. Wa kwanza ameshindwa, tunampa pole. Africell, kwa maoni yangu, iko karibu na huyu. Wa pili anaondoka na faida, na masafa anayoondoka nayo ni mali ya umma aliyoikabidhiwa. Anaweza kuhama, simzuii. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuuvunja mtumbwi awavushe aliowaleta ufukweni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa si mwenye mbacha anayeuacha, ni mwingine anayeuvuta akiwa ameukalia.

Tofauti kubwa iko katika neno tutakalolitumia. Tukiita jambo hili msaada, basi mwenye katochi atasubiri huruma: simu mia moja zitagawiwa mbele ya kamera, mgeni wa heshima atahutubia, na vijiji vilivyo mbali na barabara ya lami vitasahauliwa. Msaada hutolewa kwa kadiri ya mtoaji. Tukiliita deni, maswali hubadilika. Deni lina kiasi, lina mdai, lina mdaiwa, na halilipwi nusu. Mdaiwa wa kwanza ni kampuni inayoyapeleka masafa kwenye faida kubwa zaidi. Wa pili ni serikali iliyowasukuma watu kwenye simu kisha, tangu Julai 2021, ikatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data, yaani kwenye huko huko inakotaka watu wahamie. Wa tatu ni sisi wenye bando. Hili halitapendwa bwenini, lakini kasi tutakayoipata itakuwa imetoka mahali, na kama bei ya bando itapanda kidogo ili kila mwenye katochi apate simu ya vitufe yenye 4G na sauti, hiyo ni bei halali ya kitu tulichokipokea.

Deni hilo likilipwa litakuwaje kwa vitendo? Simu mbadala iwe na vitufe, na kitufe cha tano kiwe na nundu. Ikae na chaji zaidi ya siku moja. Ifungue menyu za pesa bila kumlazimu mtu kununua bando. Nambari ibaki ileile. Na kipimo cha Tume ya Mawasiliano kabla ya kuruhusu mnara wowote uzimwe kisiwe asilimia ya nchi nzima, kwa sababu asilimia 97 ya Uganda inaweza kuwa na maana ya asilimia sifuri ya kijiji kimoja; kipimo kiwe mnara kwa mnara, na waliobaki chini ya kila mnara wajulikane. Inawezekana. Laini zote zimesajiliwa kwa majina na vitambulisho, na mtandao wenyewe unajua kila simu iliyouingia ni ya aina gani. Waliotafutwa ili wasajiliwe wanaweza kutafutwa ili wavushwe.

Linabaki tangazo. Kwa kawaida habari za namna hii hutumwa kwa ujumbe mfupi, kwa Kiingereza, katikati ya ujumbe wa bahati nasibu na wa mikopo. Ssenga akiupata ataifungua simu, ataona herufi, ataifunga. Basi kampuni impigie. Impigie kwa sauti, kwa Luganda, na kule Mbarara kwa Runyankore, na Arua kwa Lugbara au Kiswahili, mchana, zaidi ya mara moja, ikimwambia ni lini, ni kwa nini, na simu yake mpya aichukue kwa wakala yupi. Na itakapompigia, itatumia 2G.